Damasi Anadai Noti Yake

Usiku ule wa kuamkia misa ya kumbukumbu ya Damasi nililala mapema, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba kesho yake nitakosea.

Naomba nieleze, maana ndoto yenyewe haikunieleza kitu. Damasi alikuwa mpiga tromboni wa kwanza katika bendi yetu ya dansi pale Morogoro. Mimi nilikuwa wa pili, kwa kiti na kwa kipaji. Siku tuliyorekodi redioni tulibanwa kwenye chumba kidogo, na mbele yake alikaa mpiga saksafoni mwenye mgongo mpana. Katika solo ya Damasi kuna noti moja ya chini ambayo iko mwisho kabisa wa mkono: lazima slaidi, ule mrija unaosukumwa mbele na kuvutwa nyuma, uende mpaka kikomo. Damasi aliutazama ule mgongo, akaogopa kumchoma mwenzake, akaishia njiani. Noti ikatoka imepinda, kama mbuzi aliyekanyagwa. Fundi mitambo akasema muda umekwisha, haturudii.

Wimbo ukarushwa hivyo hivyo, na watu wakaipenda noti ile kuliko wimbo wenyewe. Waliiimba kwa midomo wakiwa kwenye foleni ya bia. Damasi alipojaribu kuipiga sawasawa ukumbini, walimzomea: "Damasi, umekosea." Mwishowe alisalimu amri, akawa anaipiga mbovu huku amenuna, mpaka alipofariki.

Nilipokalia kiti chake nilifanya mazoezi wiki nyingi ili nikosee kama yeye. Nikaandika na makala ndefu gazetini kuhusu uzuri wa kosa lile, nikawataja wanafalsafa wawili, mmoja wao nikiwa nimemsoma. Na jioni ile ya kuamkia misa mjane wake, Mama Tekla, alinipigia simu. "Shemeji, kesho kaburini upige kama kwenye kanda. Ile ya mbuzi usiiache." Nikamwahidi.

Basi nikalala.

Nilijikuta ukumbini kwetu, mchana, viti vimepandishwa juu ya meza. Damasi alikuwa amesimama jukwaani na shati la bendi, lile la njano, akifuta tromboni yake kwa kitambaa. Nilifurahi sana. Nikamwambia, "Kumbe upo, kaka."

Alishuka taratibu, akaja mpaka mbele yangu, akainamisha slaidi, akabonyeza pale pa kutolea maji, na maji ya pumzi yake yakanimwagikia juu ya viatu. Sisi wapiga tromboni humwaga maji hayo sakafuni, pembeni, kwa staha. Yeye aliyamwaga yote kwangu, huku ananitazama usoni. Yalikuwa mengi kuliko pumzi ya mtu mmoja, na yalikuwa ya baridi.

"Huyu ndiye msomi wenu," alisema. Hakuwa akisema nami.

Nikageuka nione anamwambia nani, na nilipogeuka ukumbi haukuwapo. Tumo ndani ya kile chumba cha redio. Ule mgongo mpana uko mbele yetu, nauona unavyopanda na kushuka, lakini mwenye mgongo hageuki. Damasi amekaa ubavuni kwangu, goti lake limegusa langu. Nataka kulisogeza langu, nafasi hakuna.

"Umeniandikia kurasa ngapi?" ananiuliza.

"Ilikuwa ni kukuenzi."

"Niliteleza, Msomi. Mtu akiteleza chooni, mnamwinua au mnamtungia makala?"

Nacheka kidogo. Yeye hacheki. Mimi ambaye sijawahi kukosa jibu kwenye semina, hata kwa maswali ambayo sikuyaelewa, natazama viatu vyangu vilivyolowa.

"Kesho utaipiga nilivyotaka mimi."

"Shemeji anataka ya kwenye kanda. Nimeshamwahidi."

"Aliolewa na mimi. Hakuolewa na kosa langu."

"Watu watasema nimekosea."

"Mimi waliniambia hivyo maisha yangu yote yaliyobaki. Wewe kuambiwa mara moja kutakuua?"

Sasa kuta zimeondoka na tuko makaburini, na kile nilichodhani ni mgongo wa mpiga saksafoni ni tuta la udongo. Kuna watu wamesimama kulizunguka, wamenipa visogo. Tromboni iko mikononi mwangu. Damasi yuko nyuma yangu, nasikia anavyosaga meno.

"Piga."

Napuliza. Nasukuma slaidi, mkono unakwenda, unakwenda, unafika pale pa mbuzi na kusimama. Naulazimisha. Haupiti. Nimeufundisha vizuri mno.

"Hata mkono umeuharibu," anasema karibu na sikio langu, na kwa mara ya kwanza naogopa, maana sauti yake haina urafiki hata kidogo. Ananishika kifundo cha mkono. Ananisukuma mbele kwa nguvu, kama anayefunga mlango uliovimba, bega langu linalia, slaidi inapita mahali pa kosa, inafika kikomo, inapita kikomo, inachomoka na kutumbukia kwenye udongo bila kishindo. Mkono wangu unabaki umenyooka juu ya tuta.

"Hapo," anasema. "Nilikuwa nakwenda hapo."

Niliamka mkono wa kulia umetoka nje ya chandarua, umenyooka, bega linauma. Nje kulikuwa kumepambazuka. Mtu wa umri wangu na shahada zangu alipaswa kuyalaumu maharage ya jioni. Nilimpigia simu Mama Tekla kabla sijanawa uso.

"Shemeji, leo siwezi kupiga ile ya mbuzi. Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Nikamsimulia. Nyuma yake nilisikia sufuria zikigongana, wanawake wameshaanza kupika chakula cha wageni.

"Alivaa nini?" aliuliza.

"Shati la bendi. La njano."

"Lenye kola iliyochakaa?"

"Hilo hilo."

"Nilimwambia aniachie niigeuze upande mzima, akakataa." Kisha akauliza, "Amekonda?"

"Hapana. Ana hasira tu."

"Mwaka mzima, shemeji. Nalala upande wangu, upande wake nauacha wazi. Kwangu hajaja hata siku moja. Kwako amekuja kwa ajili ya noti."

Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikisugua bega.

"Ile ya mbuzi ndiyo inayonifanya nimsikie," alisema. "Hizo nyingine zote mnapiga sawasawa, naweza kudhani ni mtu yeyote."

"Basi niipige hiyo?"

Alimwambia mtu apunguze moto kwenye wali, kisha akarudi kwenye simu.

"Piga anavyotaka. Ila akija tena kukushukuru, usimkaribishe. Mwambie aanzie kwangu."