Jumapili Katika Sebule ya Mama

Kila Jumamosi jioni kochi letu lilihamia chumbani kwangu. Lilibebwa na watu wawili, likasukumwa mpaka ukutani, na juu yake zikapangwa stuli, redio, na rundo la vitambaa vya kufuma ambavyo Mama hakuruhusu viguswe na mtu ambaye hajanawa. Ili nifike kitandani ilinibidi nilipande kochi kama mbuzi anayeruka ua. Nililalamika kila Jumamosi kwa miaka mingi. Leo ningetoa nilicho nacho ili nilipande tena.

Kochi lilitolewa ili Mungu apate nafasi. Ndivyo Mama alivyosema, wala hakuwa akitania. Sebule yetu hapa Malaba ilikuwa kanisa. Haikuwa na kibao, haikuwa na askofu, wala haikuwahi kuchangisha mifuko ya saruji. Ilianza baba alipofariki, wanawake watatu waliokuja kumfariji Mama walipoendelea kuja hata baada ya matanga kwisha. Hao watatu wakaleta wenzao, wenzao wakaleta majirani, na mwishowe tukawa watu kama arobaini ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu saba na televisheni.

Walikuwa watu ambao Jumapili yao inategemea mpaka. Akina mama wa Uganda waliovuka alfajiri na trei za mayai, wakataka kuomba kidogo kabla soko halijachangamka. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya forodha tangu Ijumaa. Mzee mmoja aliyevusha mizigo kwa ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Aliiegesha mlangoni na kuingia akijivuta kwa viganja, na ole wake aliyejaribu kumsaidia. Viatu vilijaa kizingitini hadi kwenye karo la kuoshea vyombo. Chai ya tangawizi ilichemka kwenye sufuria ya harusi, na kila mtu alikuja na kikombe chake.

Lakini ninachokikosa zaidi ni kuimba. Hatukuwa na vitabu vya nyimbo, kwa hiyo kila mtu aliimba wimbo uleule kwa lugha aliyofundishiwa. Mama ni Mteso, baba alikuwa Msamia, na mimi nikaangukia katikati, kwenye Kiswahili. Kulikuwa na Kiteso, Kiganda, Kiluhya na Kijaluo, vyote kwa sauti moja, na kwa kuwa maneno hayalingani urefu, hatukumaliza pamoja hata siku moja. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Wengine walifika na kunyamaza, wengine walikuwa bado njiani, mpaka ikabaki sauti moja peke yake. Na huyo aliyemaliza wa mwisho ndiye aliyeomba. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na sijui ilitungwa na nani. Mara nyingi alikuwa mama mmoja wa Tororo, muuza mayai, aliyependa kurudia kiitikio. Tulimtania kwamba anataka kuomba kila wiki, naye alicheka tu, "Munsonyiwe, bannange," akiomba msamaha kwa Kiganda, na Jumapili iliyofuata akarudia vilevile.

Sasa niseme nilichofanya.

Nina saiberi ndogo kando ya barabara iendayo mpakani. Nachapa fomu za forodha, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi. Mtu anakuja na maneno yake yamevurugika, anaondoka na karatasi iliyonyooka. Kazi hii naijua, na majivuno yake ninayo pia. Nikiona barua mbaya mikono yangu huwasha.

Jumatatu moja asubuhi aliingia jirani yetu, mwanamume ninayemfahamu tangu nikiwa shule ya msingi. Ni bawabu wa usiku kwenye yadi ya malori. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, niandikie barua ndogo tu ya kaunti," akasema. "Hao watu wa kwa mama yako wateremshe sauti ya spika. Mimi natoka kazi asubuhi, nashika usingizi saa tatu, na saa tatu ndio wao wanafungua."

"Si umwambie mwenyewe? Ukuta ni mmoja."

"Nitamwambia aje, na huyo mama hunipea uji?"

Hapo ndipo ningemwambia anywe maji, aende akalale, nami nitamwambia Mama. Jambo lingeisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimejigonga kwenye mguu wa kochi, ukucha ukang'oka, na Mama hata hakugeuka kuniangalia kwa sababu alikuwa akimtafutia mtu mwingine blanketi. Nilikuwa na hasira ya mtoto, na umri wangu ulikuwa wa mtu mzima. Nikavuta kibodi.

Jirani alinitajia sentensi tatu. Ningechapa tatu. Nikachapa ukurasa mzima. Nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Nikaandika kwamba ploti hiyo ni ya makazi, nayo inatumika kama mahali pa ibada bila idhini ya kubadilisha matumizi. Barua ya malalamiko isiyo na namba ya ploti ofisi huitupa chini ya nyingine, hilo nalijua kutokana na kazi yangu, kwa hiyo nikaweka na namba. Niliikumbuka bila kuangalia popote. Hati yetu ya ardhi hukaa ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha Mama, na ni mimi niliyempelekea nakala mwanasheria baba alipofariki. Jirani akasoma huku midomo ikimchezacheza, akatia sahihi.

"Kumbe wewe ni wakili," akasema, akiwa amefurahi.

Nami nikacheka. Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Nilitaka spika ishushwe. Nilitaka Jumamosi moja ya kulala bila kupanda mlima. Na nikisema ukweli wote, nilitaka Mama awe wangu peke yangu, hata kama ni kwa siku moja.

Ofisa wa mipango ya mji alikuja baada ya wiki chache, siku ya Jumatano, wakati wachache walikuwa wamekuja kwa maombi ya katikati ya wiki. Alikuwa kijana mpole, na kwa Mama mgeni hakatai chai, kwa hiyo alitupatia habari mbaya akiwa na kikombe mkononi.

"Mama, hakuna mtu amekukataza kuomba," akasema. "Uhuru wa kuabudu uko kwa katiba. Shida ni hii ploti. Hii ni residential. Ukitaka iwe kanisa lazima uombe kubadilisha matumizi, na hapo wataangalia choo, barabara, mahali pa kuegesha magari."

"Magari ya nani?" Mama akauliza.

Mzee wa baiskeli akadakia kutoka sakafuni. "Mitume walikuwa wanakutana kwa nyumba za watu, boss. Waliegesha wapi?"

"Mzee, wakati huo kaunti haikuwa," ofisa akajibu, na hata yeye akacheka kidogo.

Kisha akamkabidhi Mama ilani ya kusimamisha ibada, na nakala ya barua, maana mtu ana haki ya kujua amelalamikiwa nini. Nilikuwa nimesimama na trei. Mama alisoma barua akifuata kwa kidole, mstari baada ya mstari. Kidole kikasimama mahali pamoja, kikakaa. Akaikunja mara nne. Akaniangalia, akaniambia niongeze maji kwenye chai.

Ploti yetu ni futi hamsini kwa mia. Ukichimba vyoo vinavyotakiwa na kuacha nafasi ya magari, kitakachobaki hakitoshi hata kuanikia nguo. Wengine walisema twende kortini, wengine wakasema tuendelee kimyakimya bila spika wala ngoma. Mama alikataa yote mawili. Alisema hakuzoea kuimba kama mwizi. Jumapili ya mwisho hakuna aliyejua namna ya kufunga kanisa ambalo halikuwahi kufunguliwa rasmi, basi tukaimba, mama wa Tororo akamaliza wa mwisho kama kawaida, na alipotakiwa kuomba akashindwa. Watu wakachukua vikombe vyao. Mzee wa baiskeli alihamia Busia, kwenye mizigo mingi zaidi. Akina mama wa Uganda wakapata pa kuomba ng'ambo. Wengine sijui.

Jirani alikuja saiberi akiwa ameshika kofia. "Dada, mimi nilitaka spika tu," akasema. Nikamwandikia barua ya kuondoa malalamiko, nikamwomba Mungu ifanye kazi. Ofisa akaipokea vizuri. Akasema malalamiko yanaweza kuondolewa, lakini yeye ameshaiona ploti, na hawezi kujifanya hajaiona. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mimi nilihama mwaka uleule, nikapanga chumba karibu na saiberi. Nilisema ni kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba sikuweza kulala katika chumba kile kikubwa, bila kochi, Jumamosi. Lakini kila Jumapili asubuhi nilirudi na mkate. Ofisa alikuwa amesema familia kuomba kwao si kosa, kwa hiyo Mama nami tulikaa kwenye kochi, lililokuwa limerudi mahali pake kama mkubwa aliyerudishiwa ofisi, tukaimba wimbo mmoja. Yeye kwa Kiteso, mimi kwa Kiswahili. Ilikuwa miaka mitatu ya kuimba hivyo. Kila mara nilihakikisha nimemaliza mapema. Niliruka maneno, niliharakisha kiitikio, ilimradi zamu ya kuomba ibaki kwake. Niliogopa kufungua kinywa mbele ya Mungu huku Mama ananisikia.

Jumapili moja ya mwezi uliopita mvua ilinyesha na bati likapiga kelele. Tulianza kuimba, na katikati nikasikia, au nilidhani nasikia, mahali ambapo mama wa Tororo angerudia kiitikio. Palikuwa wazi. Nikakirudia mimi. Sikukusudia. Nilipoinua macho Mama alikuwa ameshanyamaza, na sauti iliyobaki chumbani ilikuwa yangu.

"Basi, omba," akasema Mama.

Niliangalia vitambaa vya kufuma. Kisha nikafumba macho. "Mungu, ile barua niliichapa mimi," nikasema. "Jirani alitaka spika tu. Hayo mengine niliyaongeza mimi. Nimewakosa hao watu. Nimewakosa mpaka nasikia sauti zao kwenye mvua."

"Amina," akasema Mama.

Nikangoja hasira. Niliitamani, kwa kweli. Yeye alikuwa akikinyoosha kitambaa kwenye mkono wa kochi kwa kidole kilekile.

"Nilijua," akasema. "Huyo jirani hajui hata namba ya simu yake. Atajuaje ya ploti yangu?"

"Tangu siku ile ya chai?"

"Tangu siku ile."

"Na miaka yote hii, Mama, hukuniambia kitu."

"Ningekuambia, ungeacha kuja," akasema. "Ningebaki na kochi."