Maziwa Mabichi ya Bi Tone

Bi Tone alikuwa muuza maziwa, na jina hilo wateja walimpa kwa sababu ya kiapo chake: "Humu hamna hata tone la maji!" Kuapa peke yake hakukumtosha. Kila asubuhi, foleni ikishajipanga langoni, alichota kikombe cha kwanza kwenye ndoo, maziwa yangali na povu na joto la ng'ombe, akakigugumia mbele ya wote, kisha akajifuta mdomo kama mtu aliyeshinda kesi. Anayechemsha, alisema, ana la kuficha. Maziwa yaliyochemshwa ni maiti, na yeye hauzi maiti! Watu walicheka, wakanunua, na wengi wakayanywa mabichi palepale. Kiburi alikuwa nacho cha kugawia mtaa mzima na kingine kikabaki.

Halafu homa ikaanza kumchezea. Jioni ilimpanda akalowa jasho mpaka shuka likawa la kukamuliwa. Asubuhi imeondoka kama haikuwahi kuja. Magoti yakauma, kiuno kikakaza. Alimeza dawa za malaria mpaka mwenye duka la dawa akawa anamwita shemeji. Mumewe, fundi viatu asiye na breki mdomoni, akasema huo ni uzee unabisha hodi.

"Uanze kwako," akajibu Bi Tone. "Wewe ndiye mkubwa."

Mara ng'ombe wake akatupa mimba. Akaitwa daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alipomaliza kumtoa ng'ombe damu, akamtazama Bi Tone anavyochechemea.

"Unayanywa mabichi?"

"Kila siku! Na mashahidi ninao!"

"Basi nenda hospitali ukapimwe na wewe."

Akaenda, huku akinung'unika njia nzima. Majibu yake na ya ng'ombe yakafanana: brusela. Daktari wa mifugo alifika alfajiri kumweleza, kabla wateja hawajaja.

"Ugonjwa unatoka kwa ng'ombe, unapita kwenye maziwa mabichi, unaingia kwa mtu. Maziwa yakichemshwa, ugonjwa unakufa. Wewe utatibiwa, ila dawa ni za wiki nyingi. Ng'ombe ndiyo basi, itabidi aondolewe. Humu ndani kuna mjamzito? Maana mimba inaweza kuharibika."

Bi Tone aligeuka kutazama mlango wa ndani. Chumba cha pili alilala binti yake, aliyerudi kwa mama kulea mimba baada ya mbili kutoka. Kila siku mama mtu alimpelekea kikombe kilichojaa na kuchukua kitupu, akijisifu kwamba mjukuu atazaliwa anakimbia.

Alimkuta binti anakunja vinguo vya mtoto. Akaketi chini, akalia kwa sauti.

"Mwanangu, nimekumaliza. Yale maziwa yana ugonjwa."

Binti akainamisha kichwa. "Mama, naomba usinipige."

"Nikupige kwa lipi, na mwenye kosa ni mimi?"

"Sijawahi kuyanywa. Harufu yake inanitapisha. Nilikuwa nayamwaga dirishani."

"Maziwa yangu! Unamwaga maziwa yangu!" Bi Tone alinyanyua mkono, na mkono ukamkumbatia binti hadi akalalamika anabanwa. Alicheka, akalia, akamtukana, akambusu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Humo chumbani asiyesikia alikuwa na miguu mizima, na mkuu ndiye aliyeshindwa kuinuka sakafuni.

"Utapimwa vilevile," akasema akivutwa mkono ili asimame. "Siamini tena chochote, hata hilo dirisha."

Nje chupa ziligongana. Foleni ilikuwa imefika, na kicheko kikamkauka. Binti yake alikuwa salama kwa sababu hakumsikiliza. Hawa wa langoni walimsikiliza kila siku, bila kukosa.

Akatoka mikono mitupu. Mbele kabisa alisimama fundi cherehani, mzee wa watu, kashika kiuno, jasho limemkaukia kwenye kola.

"Leo umechelewa, Bi Tone. Jana jioni ile homa imenipanda tena. Nipe ya kunitia nguvu."

 Akamvutia mzee kigoda chake cha kukamulia.

"Keti kwanza, baba," akasema. "Na nyinyi wote, msiondoke."