Pikipiki Ninayoweza Kuinua

Kazi yangu ni kufunga mahogo. Wasionijua wakisikia hivyo hudhani nina genge sokoni, kwa hiyo huwa naeleza: mtu akivunjika mguu au mkono, daktari akishaangalia picha ya mfupa, mimi ndiye ninayelowesha bandeji za plasta na kumzungushia mpaka zikauke. Hospitali yetu ni ndogo, iko Magomeni, na wengi wanaoingia chumbani kwangu wametoka kwenye ajali za pikipiki.

Hata hivyo, kwa miaka sita nilikuwa naenda kazini kwa bodaboda. Naishi na mama Kariakoo, na kila asubuhi nilipanda nyuma ya mtu nisiyemjua. Wengine walikuwa waangalifu. Wengine walipenya katikati ya malori huku wanaongea na simu iliyobanwa ndani ya kofia, nami nyuma nimefumba macho, nahesabu mifupa. Asubuhi moja dereva aliingia njia ya mabasi ya mwendokasi, tukakutana na basi uso kwa uso, akapanda ukingo wa pembeni na kutokea upande wa pili. Hatukuanguka. Nilimlipa, akaondoka, nikabaki kwenye geti la hospitali. Nikajiambia, kama ni lazima nikae juu ya pikipiki kila siku, basi breki nitashika mimi.

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Hogo unaweza kulifunga kwa mkono mmoja?" aliniuliza.

"Kwa nini?"

"Siku ukianguka utajifunga mwenyewe. Humu ndani hakuna mwingine anayejua."

Wiki iliyofuata nilikwenda kuomba leseni ya kujifunzia, kisha nikamtafuta mtu wa kunifundisha.

Nilimpata kijiweni karibu na nyumbani. Alikuwa bodaboda wa rika langu, ambaye mwaka uliotangulia nilimfunga hogo kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti. Mguu ulipona lakini anachechemea kidogo. Ananiita dokta, na nimechoka kumwambia kwamba mimi si daktari. Alikubali kunifundisha Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa Jangwani, kwa pikipiki yake ya cc mia moja na hamsini, yenye tangi kubwa na kiti cha juu.

Jumapili ya tatu nilikuwa naweza kuondoka bila kuzima injini, kubadili gia na kukata kona. Nilianza kujiona. Kuna duka nilikuwa nalipita nikitoka kazini, wameweka mlangoni pikipiki nyeusi inayofanana na ya mwalimu wangu, mpya, inang'aa. Nilishaichagua moyoni. Nilikuwa najiona nimeikalia, naingia getini, walinzi wananiangalia.

Jumapili ile ile nikaanguka. Sikuwa hata kwenye mwendo. Nilikuwa nimesimama nimsikilize mwalimu, nikashusha mguu wa kushoto, nao ukakuta kishimo. Ncha ya kiatu haikufika chini. Pikipiki ikaegemea, nikajaribu kuizuia, ikanizidi, nikaruka pembeni. Ikalala kwenye vumbi.

Mwalimu alikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Hakusogea.

"Inua," alisema.

"Njoo unisaidie."

"Ikikulalia katikati ya barabara ya Msimbazi, mimi nitakuwa wapi?"

Nilijaribu mara tatu. Akanielekeza niigeuzie mgongo, nichuchumae makalio yakiwa kwenye kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, kisha nisukume kwa miguu, si kwa kiuno. Niliifikisha nusu, ikanirudia. Hapo ndipo alipokuja akaiinua.

"Mbinu umeipata," alisema. "Uzito ndio si wako. Mwanafunzi haangushwi sana na mwendo, dokta. Anaangushwa akisimama. Tafuta ambayo ukiikalia nyayo zote mbili zinalala chini, na ikianguka unaiamsha mwenyewe. Mambo ya rangi baadaye."

Nilimnunia wiki nzima. Nina miaka arobaini na mmoja na nimezoea kuambiwa mimi mfupi. Kuambiwa kwamba ile nyeusi si saizi yangu kuliniuma kuliko nilivyotegemea. Lakini kila siku nilikuwa nawafunga watu, na wiki ile nilianza kuwauliza kila mmoja alianguka vipi. Wawili walikuwa wamesimama kwenye foleni, pikipiki nzito ikawaegemea mguuni.

Jumamosi nikaenda madukani. Mama alisema ananisindikiza. Nilijua anakuja kusikia nikikataliwa.

Duka la kwanza nilimwomba muuzaji anilazie pikipiki chini niijaribu kuinua. Akacheka. "Dada, mali mpya niiangushe? Ukishainunua angusha unavyotaka." Duka la pili walinijibu kwamba kina mama wengi huwa wanapakiwa, hawaendeshi, na mama yangu akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameletewa ushahidi.

La tatu lilikuwa lile lenye pikipiki nyeusi. Mwenyewe alikuwa mzee wa makamo, miwani imeshuka puani. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu yote, hata ya Jangwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaita watu watandike maboksi sakafuni.

"Ukiikwaruza, umeinunua," alisema.

"Sawa."

Nikaanza na nyeusi. Akili ilikuwa inajua, lakini moyo ulitaka kuambiwa tena. Nilipoikalia niligusa chini kwa vidole tu. Wakailaza. Watu waliokuwa wanapita wakasimama mlangoni, mchukuzi mmoja akaegesha mkokoteni wake. Nikageuza mgongo, nikasukuma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yule mchukuzi akaingia ndani kunisaidia.

"Mwacheni," mama alisema. "Si anataka pikipiki? Ainue."

Hakuwa ananitetea, naye hakunificha hilo. Nyeusi ikainuliwa na wanaume wawili.

Nikaomba ile ndogo iliyokuwa nyuma, ya cc mia moja na kumi, ya bluu kama beseni la kufulia, isiyo na tangi katikati ya mapaja wala mkono wa klachi. Mtu mlangoni akasema hiyo ni ya kubebea mayai, wenzake wakacheka. Nikaikalia. Nyayo zote zikalala chini, magoti yakakunjika kidogo. Wakailaza.

Nikachuchumaa, nikashika usukani na chuma cha nyuma, nikasukuma kwa miguu nikirudi kinyumenyume. Ikapanda. Ilipanda upesi hivi kwamba karibu iangukie upande wa pili, nikaidaka kwa nyonga.

"Rudia," mzee akasema. "Mara ya kwanza inaweza kuwa hasira."

Wakailaza tena. Safari hii nilishusha stendi kabla ya kuanza, nikavuta pumzi, nikaiinua polepole mpaka ikasimama. Hakuna aliyecheka.

Mama akaja akabana breki ya mbele, akaisukuma pikipiki kwa nguvu zake zote. Haikwenda. Akajaribu na ya nyuma. Kisha akatoka nje kutafuta bajaji, akaniacha nimalizane na mzee.

Sikuiingiza barabarani mpaka nilipopata leseni kamili. Ilikaa ukumbini kwetu majuma kadhaa, mama akilalamika nyumba inanuka petroli. Mpaka leo hajaipanda, na sijamwomba.

Mwezi wa kwanza wa kuiendesha, mvua kubwa ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilifika Jangwani nikakuta maji yamefunika barabara. Bodaboda wanne walikuwa wanaingia na abiria, miguu wameinua juu. Mmoja akanipungia nimfuate. Maji yalikuwa ya kahawia, chini hapaonekani kitu. Nikageuza. Nikampigia msimamizi wangu kwamba nitachelewa, nikazungukia Upanga, nikatokea Kinondoni, taratibu, upande wangu wa barabara, magari yakinipigia honi.

Nilichelewa saa nzima. Wagonjwa wawili walikuwa kwenye benchi wananisubiri. Nikavua kofia, nikawaomba radhi, nikanawa mikono na kumwita wa kwanza.