Fulana Saba za Bi Huruma

Mtoto wa kaka yangu anaitwa Bi Huruma mtaani, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ana miaka ishirini na moja, hajawahi kuosha sufuria bila kuzililia kucha zake, lakini fulana za kujitolea anazo saba. Ya kupanda miti, ya kusafisha mfereji, ya kutembelea wazee, ya kuchangia damu ambayo hakutoa, na nyingine hata sizikumbuki. Zote zimepita kwenye cherehani yangu. Kila anapogawiwa fulana hukimbilia kwangu kabla ya shughuli nimpunguzie kiuno, asionekane kama gunia kwenye picha. Mimi ni fundi, nguo hainidanganyi. Ile ya mfereji aliirudisha wiki iliyofuata nishone mkono uliofumuka, haina hata tone la tope. Ya miti inanukia marashi mpaka leo.

Mwaka huu akaamua kuomba chuo cha uuguzi. Asubuhi moja akaingia dukani kwangu na fomu, akaitandaza juu ya kitambaa cha mteja bila hata kuuliza.

"Shangazi, wametoa nafasi mbili tu za kuandika kazi za kujitolea. Mbili! Mimi ninazo saba. Nichague zipi?"

"Chagua zile ulizofanyia kazi."

Akacheka, akidhani namtania. Kisha akanionyesha kilichomkosesha usingizi: chini ya kila nafasi walitaka jina na simu ya mtu aliyehudumiwa. Si mratibu, si mwenyekiti wa kikundi, ni mtu mwenyewe. Wajanja hao, niliwapenda papo hapo.

Tukaanza kuzipitia. Wale wazee hakumbuki jina la hata mmoja, ingawa ana picha nao arobaini. Mfereji hauna simu. Miti nayo, basi tena. Alipekua simu yake, akaguna, akapekua tena, nusu saa nzima, mimi nikikata suruali ya watu. Mwishowe akaniangalia kwa lile jicho lake la kwenye picha.

"Kwani wewe, Shangazi? Si nilikuuguza ulipovunjika mguu?"

Aliniuguza! Nililala wiki sita, yeye alikuja siku moja. Aliyekuwa akinigeuza, akininawisha na kunibadilishia shuka ni jirani yangu, mama muuza mkaa. Bi Huruma alimpokonya bakuli la supu, akasogeza kijiko karibu na mdomo wangu, akageukia dirishani penye mwanga. Supu ikapoa. Kisha akasema ana haraka, akamrudishia jirani bakuli lake.

Jioni kaka yangu akanipigia. Binti ameshakataliwa na vyuo viwili, hiki ndicho cha mwisho. "Dada, nakuomba, usimharibie mtoto." Nikasema haya, aniandike. Nilijidharau, lakini ndiyo hivyo, ni mtoto wa kaka yangu.

Chuo walipiga baada ya wiki mbili. Bi Huruma alikuwa dukani, amesimama juu ya stuli, nami nambana pini kiunoni kwenye sare ya uuguzi. Ndiyo, sare alishaishonesha, jibu halijatoka.

"Mama," akauliza mwanamke mmoja kwa sauti ya uchovu, "ni kweli huyu binti alikuhudumia ulipokuwa mgonjwa?"

Juu ya stuli mtu akanikonyeza. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. Lakini nikamfikiria mgonjwa fulani nisiyemjua, amelala chali, koo limemkauka, anamsubiri huyu. Nikaona uchungu hasa.

"Ndiyo," nikasema. "Alinishikia bakuli la supu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka picha ilipotoka vizuri."

Kisha nikaanza kuchomoa pini.