Maji Baridi ya Gari la Mama

Harufu ya ukwaju ikikutana na ya mafuta ya taa, wenzangu, mimi huwa si mtu mzima tena. Juzi tu nilikuwa nasugua sufuria kubwa la shaba kwa ukwaju, na jirani akawa anawasha jiko lake upande wa pili wa ukuta. Harufu zile mbili zikanijia pamoja, nikajikuta nimesimama uani kwetu Dunda, mtoto wa darasa la tatu, miguu peku, nikimtazama mama yangu akiosha injini kama anayeosha samaki.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, arobaini, ukimwita anakuja na masufuria yake, miiko yake na wanawake wenzake, wote ndani ya kipanya kikuukuu alichokiacha marehemu baba. Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, na watu walisema weee mpaka wakachoka. Gari lile ndilo lililotulisha, mimi na mdogo wangu Zuhura.

Siku moja, njiani kwenda Mapinga, likafuka mvuke, likagonga ndani kwa ndani, likanyamaza. Mchele na masufuria vilifika harusini juu ya lori la mchanga, na wageni walikula kwa wakati, hilo lazima niliseme. Gari lenyewe lilirudi nyumbani likivutwa kwa kamba. Injini ilikuwa imenoki, imekufa.

Baba mdogo akaja kutoka Msata. Alikuwa mtu mwema, ila huruma yake ilikuwa na haraka. "Shemeji," akasema, "hili liuzwe chuma chakavu. Na bila gari utawalishaje hawa? Nipe wanangu nikawalee."

Mama alimtengea chai kwanza. Halafu akamwambia, "Ahsante, shemeji. Nipe mpaka mvua za vuli. Likiwa bado halijawaka, njoo uwachukue." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikayasikia yote. Baba mdogo alipoondoka nikamsikia mama akijisemea, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini."

Kulipeleka gereji mama alikataa katakata, akidai huko kifaa chako huingia kikatoka cha mwenzio. Fundi Hamisi, rafiki wa baba, akaja kuishusha injini palepale uani. Kila kipande kikaoshwa kwa mafuta ya taa, kikalazwa juu ya mkeka kwa mpangilio wake, na ole wake kuku atakayepita. Gasketi imeungua, pistoni zimeganda, kichwa cha injini kimepinda. "Uzee huu, Mama Rehema," fundi akasema. "Hata sisi tutafika."

Mama hakuridhika. Akainamia zile njia za maji ndani ya injini, zilizozibwa na ukoko wa kutu wenye weupeweupe. Akaukwangua kwa ukucha, akauweka kwenye ncha ya ulimi.

"Lahaula!" fundi akaruka. "Utajiua!"

"Chumvi," mama akasema, akitema. "Tumelitia chumvi gari letu miaka yote hii."

Kisima chetu maji yake yalikuwa ya chumvi, kama visima vingi vya kwetu. Sisi wenyewe tuliyanywa, kwa hiyo hakuna aliyewaza kwamba gari lingeyakataa. Fundi Hamisi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainamia njia zile naye, akaona alichokiona mama: hata tukilifufua, kwa maji yale tungelizika tena.

Kichwa kikapelekwa Dar kuchongwa, pistoni zikaja mpya. Njia za maji alizishika mama mwenyewe. Akaroweka ukwaju karai zima, kama alivyozoea kusafishia shaba yake, akamimina, akasugua kwa makumbi na waya, kesho tena, kesho kutwa tena. Majirani wakachungulia: "Mama Rehema, leo unapika nini?"

"Rosti ya injini. Karibuni, ila nyama bado ngumu!"

Vidole vilimchubuka hata akawa anakula ugali kwa kijiko, na mama yangu hakuwa mtu wa kijiko.

Mvua ya kwanza ilipoanza kupiga bati, akaweka pipa kukinga maji ya mchirizi. "Rehema, hili ni lako. Haya ni maji baridi ya gari, hayana chumvi. Asiyaguse mtu." Nililinda pipa lile kama askari wa benki.

Baba mdogo akaja kama walivyoagana. Nguo zetu mama alikuwa ameshazifunga kwenye shuka, maana ahadi ni deni. Fundi akakaza nati ya mwisho, mimi nikamimina maji yangu kwenye rejeta, kata kwa kata. Mama akapanda. Bismillahi. Likakohoa, likanyamaza. Baba mdogo akainama kulichukua lile furushi. Mama akasema bismillahi tena, likakohoa, likatoa moshi, likanguruma! Vigelegele vikatoka kila ua. Baba mdogo akalirudisha furushi chini, machozi yakimlenga.

"Mashallah, shemeji," akasema.

"Panda basi, nikurudishe Msata."

Tulikwenda naye sote, tukamteremsha kwake, tukarudi kwetu. Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye ule mshale wa joto, na haukutikisika. Sijawahi kuringa kama siku ile.

Lakini kiangazi kilipokuja, jua la kuchoma utosi, niliomba kikombe kimoja tu cha maji ya pipa. "Hayo ya gari," mama akasema, akanichotea ya kisima. Nikanywa chumvi yake na ya machozi yangu, nikamwambia Zuhura kwamba mama analipenda gari kuliko sisi.

Mpaka nilipopata wanangu ndipo nilipoelewa. Maji yale yalikuwa yetu. Kila kata iliyoingia kwenye rejeta ilizuia furushi lile lisifungwe tena, na mama mwenyewe hakuwahi kuyaonja.

Siku hizi tuna bomba, na masufuria nayapeleka mimi kwenye shughuli, kwa gari lilelile. Mama amezeeka, hapiki tena. Lakini mvua ikianza tu kupiga bati, kabla hata sijafunga madirisha, simu huita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekinga?"

"Nimekinga, Mama."