Jumanne Tatu za Jovitha

Jovitha wa Rubafu alichaguliwa na watafiti wa ziwa kwa sababu alikuwa na mwandiko wa kusomeka. Kila Jumanne asubuhi mvuvi Mushumbusi alimpeleka kwa mtumbwi hadi kwenye boya. Huko alishusha kipimajoto, akazamisha sahani nyeupe kuona mwanga unafika wapi, akakokota wavu laini wa kunasa vijimea na vidudu vya majini. Namba zilikwenda kwa Daktari Nancy, mmoja wa watafiti hao, mjini Bukoba, naye akaziingiza kwenye kompyuta pamoja na za upepo, akakadiria vijimea vitakuwa vingi kiasi gani, vidudu vinavyovila, na mwisho dagaa wanaokula vidudu hivyo.

Mwezi wa sita kahawa iliiva yote kwa pamoja. Jumanne tatu mfululizo Jovitha hakwenda ziwani. Alikaa kando ya jamvi la kuanikia, akafungua daftari la mwaka uliopita, akanakili huku akibadilisha tarakimu hapa na pale.

Mwezi wa tisa Daktari Nancy akaja kuzungumza na wavuvi.

"Hesabu yetu ilisema mwezi wa saba dagaa watajaa," alisema. "Ninyi mkarudi na ndoo tupu. Nimeubomoa mfumo mzima mara mbili nikitafuta nilipokosea. Namba za maji sikuzigusa. Hizo ni za mama Jovitha, naziamini."

Watu wakapiga makofi. Jovitha akatazama vidole vyake vya miguu. Mushumbusi, benchi la mbele, hakupiga makofi wala hakugeuka.

Mkutano ulipokwisha Jovitha alimfuata Daktari hadi kwenye gari.

"Daktari, Jumanne tatu za mwezi wa sita sikwenda. Nilinakili za mwaka jana."

Nancy aliuachia mlango wa gari. "Mwaka jana upepo uliyavuruga maji, rutuba ikapanda kutoka chini. Mwaka huu huenda haikupanda. Kwa nini hukuacha wazi, mama?"

"Niliona aibu kuacha wazi."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimpa daftari la vipimo, Jovitha akazikata namba zile kwa mkono wake.

Wiki mbili baadaye ujumbe wa Daktari ukaja: bila namba zile, hesabu imekaribia walichovua wavuvi. "Endelea na kazi, ila Mushumbusi naye atakuwa anatia sahihi."

Jumanne iliyofuata Mushumbusi akamuuliza kwa heshima ya Kihaya, "Umemwambia, waitu?"

"Nimemwambia."

Mushumbusi akaitikia kwa kichwa, akapiga kasia. Jovitha akajifanya anafungua fundo kwenye kamba isiyo na fundo, wasije wakatazamana.