Mrututu Kwenye Majani

Nilipoolewa Nchelenge, katika miaka ya hamsini, nilivuka ziwa nikiwa na kikapu cha mbegu za viazi vya kizungu. Baba yangu alikuwa akilima bustani ya mapadri ng'ambo, upande wa Kongo, kule juu mlimani kwenye baridi, na hakuwa na kitu kingine cha kunipa. Juu ya mbegu aliweka kopo la mrututu, yale mawe ya buluu, na bomba la bati la kupulizia dawa.

"Ukungu ndiyo itaua hivi viazi," aliniambia. "Usingojee majani ioze. Ukiona doa, umeisha kuchelewa."

Kwa mume wangu walikuwa wavuvi, na nyumbani walisema Kibemba. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kuuzia samaki. Kibemba changu kilikuwa cha mutoto mudogo. Nikifungua mdomo, wake za shemeji zangu walicheka, nami nikajizoeza kunyamaza. Viazi ndivyo kitu pekee nilichokijua kuwazidi, na nilivishughulikia kwa majivuno. Mama mkwe alinikatia kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake, kando ya mihogo. Nikapanda mvua zikiwa bado kubwa, na majani yakatoka mazito, ya kijani kibichi, watu wakisimama kuyatazama.

Mvua za mwisho zilipokuja na umande mwingi wa ziwani, nikatengeneza dawa. Niliyeyusha mrututu kwenye chungu kimoja na chokaa kwenye kingine, kisha nikavichanganya. Nikachovya kisu kilichosuguliwa. Kikitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha na dawa itaunguza majani. Kilitoka cheupe. Nikapulizia mstari kwa mstari, juu ya majani na chini yake, hadi shamba lote likawa na madoa ya buluu. Chungu cha dawa iliyobaki nilikifunika na kukiweka nyuma ya jiko.

"Mayo," nilimwambia mama mkwe, kwa neno lao la mama, "hii ni dawa. Batoto basiguse."

Aliitikia. Kuhusu majani sikusema neno. Kwetu hakuna aliyewahi kula majani ya viazi vya kizungu, kwa hiyo halikuniingia akilini. Na huku, majani ya viazi vitamu yalikuwa mboga ya kila siku.

Juma lile upepo ulikuwa mkali na mitumbwi haikutoka. Samaki wakaisha nyumbani. Mume wangu akanipakia kwenye baiskeli, tukaenda kijiji cha Kabuta kutafuta samaki wakavu. Tulirudi jua likiwa limeanza kushuka, na tangu njiani tukasikia kelele. Uani, mzee mmoja wa kanisa, aliyefika mgeni tukiwa hatupo, alikuwa ameinama ameshika mti, anatapika. Mkewe alikuwa chini. Shemeji yangu mkubwa, ndugu ya mume wangu, alikuwa ameketi kizingitini anajifuta mdomo. Mama mkwe alilala mkekani amejikunja, na matapishi yaliyokuwa mbele yake yalikuwa na rangi ya kijani isiyo ya chakula. Majirani walijaa.

Shemeji aliponiona alisimama kwa shida, akaenda nyuma ya jiko na kurudi na chungu changu. Akakitua mbele yangu na kukifunua. Maji ya buluu yakatulia humo, mazuri kama kitambaa kipya.

"Mulamu," aliniita, yaani shemeji, "hii ni nini?"

"Ni dawa ya viazi."

"Dawa?" Aliwageukia watu, akawaeleza kwa Kibemba, kisha akarudi kwangu kwa Kiswahili ili nisipate kisingizio. "Kama haiko sumu, kunywa."

Watu wakasogea karibu. Nilitaka kusema kwamba ni sumu, naam, lakini ni sumu ya ukungu, na kwamba mimi sikumpikia mtu chochote. Maneno yote yalikuja kwa lugha ya mama yangu. Nilimtazama mume wangu ili anisemee. Alikuwa bado ameshika usukani wa baiskeli, samaki wamefungwa nyuma, na macho yake yalikuwa kwenye chungu. Halafu yakapanda kwenye mikono yangu. Nikaelewa kwamba na yeye anangoja aone kama nitakunywa.

"Siwezi kunywa," nilisema.

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Mwingine akasema neno ambalo hata kwa Kibemba changu nililijua: mchawi. Kitu cha ajabu ni kwamba niliona haya kana kwamba kweli nimefanya. Nilijiona kama wanavyoniona: mutu wa kutoka ng'ambo, asiyesema, mwenye chungu cha buluu.

Ndipo mama mkwe akainuka kwa kiwiko.

"Mwacheni," alisema. Alisema kwa Kibemba kwanza, kisha akatafuta Kiswahili chake cha sokoni, akinitazama mimi. "Ni miye nilichuma majani. Wageni bamefika, mboga hakuna. Nikaona haya kubapa ugali mutupu. Nikaingia mu shamba yako. Sikukuuliza."

"Ukaona ile buluu, Mayo?"

"Niliona. Nikafikiri ni buluu ya kufulia nguo. Nikaosha."

Majani yale aliyapika na karanga za kutwangwa, na karanga zikaficha uchungu wake na wa dawa ambayo maji hayakuiondoa. Alikiri hayo mbele ya mzee wa kanisa na mbele ya majirani, mwanamke wa umri wake, kwamba amechuma shamba la mkamwana kwa siri. Kisha akajifunika kitambaa usoni. Hakuna aliyejua pa kutazama. Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Shemeji hakuniomba radhi. Alikwenda tu kulala.

Wote walipona, ingawa mke wa mzee wa kanisa alichukua muda. Mume wangu alimwaga dawa kwenye shimo la takataka na kuvunja chungu. Nilimwuliza, "Ulitaka nikunywe?"

"Nilitaka uonyeshe batu kwamba haiko sumu."

"Lakini iko sumu."

Akazoa vigae vya chungu, akatoka. Tuliishi pamoja miaka mingi, tukazaa, na alikuwa mwanaume mwema. Lakini macho yale yakipanda kwenye mikono yangu, sijaacha kuyaona.

Sikupulizia tena mwaka ule. Niliona aibu hata kushika bomba mbele ya watu. Mvua ikarudi, majani yakapata madoa meusi, na baada ya siku chache shamba zima lililala chini na harufu ya uozo ikafika hadi barabarani. Watu walipita wakiziba pua. Mama mkwe akaja na jembe. Tulifukua pamoja, tukitupa vilivyooza. Vilivyobaki vilijaa sufuria moja tu. Alivichemsha mwenyewe, akala cha kwanza mbele yangu, akanipa cha pili.

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyesema nipande tena, na yeye ndiye aliyekoroga chokaa nikimimina mrututu. Viazi vilitoka vizuri, hata shemeji alivila. Ila tangu siku ile mama mkwe hakukanyaga shamba lile, ardhi aliyonipa yeye, bila kusimama mpakani na kuita kwa sauti, "Mwanangu, naweza kuingia?" Majirani walisikia. Nilimwambia mara nyingi, "Mayo, usibishe hodi, ingia tu." Alitikisa kichwa, akasimama palepale, mpaka nimkubalie.